Umeme uliodhibitiwa wa volti 240 kwa priamplifaya ya valvu: hesabu ya akiba ya volteji kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Nimejenga kitengo cha umeme wa volteji ya juu kwa ajili ya priamplifaya ya valvu mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea, mara ya pili kikakaa sawa. Kwa kuwa kosa langu ni lile lile ninaloliona katika michoro mingi inayosambazwa, nimeona nilieleze kwa kirefu pamoja na hesabu zake. Priamplifaya yenyewe ni ya chaneli mbili, ina ECC83 moja ya kukuza sauti na ECC82 moja inayotoa sauti kupitia kathodi. Kila nusu ya ECC83 inakula takriban mA 1, na kila nusu ya ECC82 takriban mA 6, kwa hiyo valvu zote kwa pamoja zinahitaji mA 14. Ukiongeza mkondo unaotumiwa na regyuleta yenyewe (sehemu inayoshikilia volteji ya kutoka isibadilike), tunafika karibu mA 20, na hesabu zote hapa chini nimezifanya kwa mkondo huo.

Kabla ya jambo lolote, usalama. Kapasita ya µF 47 iliyojaa volti 325 imebeba nishati ya karibu joule 2.5, na haijali kama umeshachomoa plagi ukutani. Weka rezista ya kilo-omu 220 yenye uwezo wa wati 1 sambamba na kila kapasita kubwa, kisha subiri, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Rezista nayo inaweza kukatika, kwa hiyo asiyepima amejiaminisha tu. Kwa rezista na kapasita hiyo, volteji hushuka chini ya 50 baada ya sekunde 20 hivi, na mimi husubiri dakika nzima. Kasha la chuma lazima lifungwe kwenye waya wa athi kwa skrubu yake yenyewe, isiyoshikilia kitu kingine.

Sasa, kwa nini tuhangaike na udhibiti? ECC83 yenye rezista ya anodi ya kilo-omu 100 ina ukinzani wake wa ndani wa kilo-omu 62.5 hivi, na viwili hivyo vinagawana chochote kinachotetema kwenye laini ya umeme. Ukigawanya 62.5 kwa 162.5 unapata 0.385, maana yake ni kwamba mawimbi ya mabaki ya mV 10 kwenye umeme yanatokea kama mV 3.8 kwenye anodi, yamechanganyika na muziki. Ukiiacha kathodi bila kapasita yake, na rezista ya kathodi ikiwa kilo-omu 1.5, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu ukinzani wa valvu unapanda hadi karibu kilo-omu 214 na sehemu inayopita inakuwa asilimia 68. Valvu ya aina hii haina kinga ya maana dhidi ya uchafu wa umeme wake, na kinga yote inapaswa kutoka kwenye kitengo cha umeme.

Kitengo changu cha kwanza kilikuwa na transfoma ya volti 230 kwa 230, rektifaya ya daraja (dayodi nne zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC), kapasita moja ya µF 22, na regyuleta iliyopangwa kutoa volti 270. Nilipiga hesabu kwa haraka: 230 mara 1.414 ni 325, toa 270, inabaki akiba ya volti 55, na nikaridhika. Mchana chombo kilikuwa kimya kabisa. Saa za jioni ukawa unaingia mkwaruzo mkali, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mkebe, halafu usiku wa manane unatoweka wenyewe. Nilibadilisha valvu, nikabadilisha nyaya za kuingizia sauti, nikalehemu upya viungo ambavyo havikuwa na tatizo lolote. Baada ya wiki mbili ndipo nilipopima umeme wa ukutani wakati mkwaruzo ukiwepo, na mita ikasoma volti 200.

Fanyeni hesabu ile tena kwa volti 200. Kilele kinashuka hadi 283, dayodi mbili zinachukua 1.4, na tunabaki na 281. Lakini hicho ni kilele tu. Kati ya kilele na kilele kapasita inaulisha mzigo peke yake, na kwa mkondo wa mA 20, kapasita ya µF 22 na vilele 100 kwa sekunde, volteji inashuka kwa volti 9, kwa hiyo bonde la wimbi linafika 272. Regyuleta inayopaswa kutoa 270 imebakiwa na volti 2 za kufanyia kazi, na haitoshi. Kwenye osiloskopu niliona mstari ulionyooka ukikatwa na vishimo vidogo vyenye kingo kali, 100 kila sekunde, na ukali wa kingo hizo ndio uliokuwa ukisikika kama nyuki. Umeme wa kawaida wa rezista na kapasita, usio na udhibiti wowote, ungetoa mvumo laini ambao sikio linauvumilia zaidi. Regyuleta iliyokosa nafasi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Kwa hiyo nilipoanza upya nilianzia chini: umeme wa ukutani ukiwa volti 200, bonde la wimbi litakuwa wapi? Niliweka kapasita ya kwanza ya µF 47, inayoacha mawimbi ya volti 4.3, kisha rezista ya kilo-omu 1, kisha kapasita nyingine ya µF 47. Rezista hiyo inakula volti 20, lakini inapunguza mawimbi karibu mara 30, hadi kiasi cha volti 0.14, kabla hata regyuleta haijayaona. Volteji baada ya kichujio hicho, umeme ukiwa katika hali yake duni kabisa, ni 259. Nikaamua regyuleta itoe 238. Akiba ni volti 21, na hii ni akiba ya kweli, ya siku mbaya.

Halafu nikaenda upande wa juu. Umeme ukipanda kwa asilimia 10 unafika volti 253, na transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa asilimia 10 au zaidi juu ya maandishi yake. Mara tu unapowasha, valvu bado ni baridi na hazivuti chochote, kwa hiyo kapasita ya kwanza inaweza kuona volti 394. Ndiyo sababu kapasita ya volti 400 siiamini hapo. Tumia ya 450. Valvu zikishashika kazi, regyuleta katika siku hiyo ya umeme mkubwa inabeba volti 96 hivi kwa mA 20, yaani karibu wati 2 za joto, kiasi ambacho bamba dogo la kupozea linakimudu.

#2 Mchangiaji

Mkuu, shukrani kwa hesabu. Naomba uuelezee mzunguko wenyewe wa regyuleta. Nimekuwa nikiamini kwamba LM317, ile chipu ya regyuleta, haiwezi kuguswa na volti 300, kwa sababu karatasi yake inasema mwisho ni 40.

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu, karatasi inazungumzia tofauti kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kutokea, na hiyo kweli haipaswi kuzidi volti 40. Haisemi lolote kuhusu umbali wa chipu nzima kutoka mstari wa sifuri, kwa sababu LM317 haina mguu unaokwenda huko. Inaelea. Wazo la kuielesha juu ya volteji kubwa, huku transista ya volteji ya juu iliyo mbele yake ikibeba mzigo wote, lilichapishwa na Michael Maida wa National Semiconductor mwaka 1980, na hadi leo wajenzi wengi huuita mzunguko huo kwa jina lake.

Mimi nimetumia Mosfeti (aina ya transista) ya IRF830, inayostahimili volti 500; miguu yake ni dreni ya kuingilia mkondo, sosi ya kutokea, na geti inayoudhibiti. Dreni inapokea umeme uliochujwa, sosi inaulisha mguu wa kuingilia wa LM317 kupitia rezista ya omu 100, na kati ya geti na mguu wa kutokea wa LM317 kuna dayodi ya Zener (inayoshikilia volteji maalumu) ya volti 12. Geti inapata umeme wake kutoka kwenye dreni kupitia rezista mbili za kilo-omu 47 zilizofuatana. Kwa mpangilio huo geti haiwezi kupanda zaidi ya volti 12 juu ya tokeo. Mosfeti yenyewe inachukua 3.5 hadi 4 kati ya geti na sosi, rezista ya omu 100 inachukua 2, na LM317 inabaki na volti 6 hivi, iwe umeme wa ukutani ni 200 au 253. Haijui kabisa kwamba inaishi kwenye volti 238.

Rezista hiyo ya omu 100 ina kazi ya pili ambayo watu huisahau. Tokeo likigusana na kasha kwa bahati mbaya, mkondo hauwezi kuzidi kiasi cha mA 60, kwa sababu rezista inakula volti zote zilizobaki chini ya Zener. Bila hiyo, LM317 ingekubali kupitisha zaidi ya ampea 1, na Mosfeti ingekufa kabla fyuzi haijapata joto.

Kwa volteji ya kutoka, rezista kati ya mguu wa kutokea na mguu wa kurekebishia ni omu 240, na kutoka hapo kwenda sifuri ni kilo-omu 15 tatu zilizofuatana. Volti 1.25 zidisha kwa 188.5 unapata 235.6, mguu wa kurekebishia nao unatoa µA 50, ambazo kwenye kilo-omu 45 zinaongeza volti 2.25. Jumla 238. Msitumie rezista moja ya kilo-omu 45 hata kama mmeipata. Laini hiyo ina volti 236 na inatoa joto la wati 1.2, na rezista nyingi ndogo za filamu hazikutengenezwa kuvumilia zaidi ya volti 200 au 250 kwa muda mrefu. Zikiwa tatu, kila moja inaona volti 79 na wati 0.4, nami nimeweka za wati 2 na kuziinua milimita 5 juu ya bodi.

Mambo matatu madogo ambayo msipoyafanya mtajuta. Rezista ya omu 470 ilehemiwe kwenye mguu wa geti wenyewe, si sentimita 4 mbali, la sivyo Mosfeti itatetema katika masafa ambayo mita haiyaoni. Dayodi ya Zener ya volti 15 iwekwe kati ya geti na sosi, kwa sababu geti hufa ikizidi volti 20. Na bamba la mgongo wa IRF830 limeunganishwa na dreni, maana yake lina volti 300 na zaidi, wakati bamba la LM317 limeunganishwa na tokeo. Weka mika au shiti ya silikoni chini ya kila kimoja, tumia kola ya plastiki kwenye skrubu, kisha pima kwa mita kati ya bamba na kasha kabla ya kuwasha. Mara moja nilikuta kipande cha lehemu chembamba kama unywele kimetoboa shiti ya silikoni, na mita ndiyo iliyoniambia.

#4 Mchangiaji mwingine

Nimejenga kitu kinachofanana na hiki. Volteji imetulia kabisa, lakini nikiinua sauti nasikia mchakacho kama wa mvua ya mbali. Si mvumo. Nimebadilisha ECC83 mbili na hakuna tofauti.

#5 Mwanzisha uzi

Ndugu, nadhani hukuweka kapasita kwenye mguu wa kurekebishia. Kelele ya LM317 kwa kawaida hutajwa kuwa asilimia 0.003 ya volteji inayotoka. Kwa volti 5 hiyo ni kitu kidogo sana kisichomsumbua mtu. Kwa volti 238 inakuwa mV 7, na kama tulivyoona, valvu inapitisha asilimia 38 yake. Sababu ni kwamba chipu inakuza kelele ya rejeo lake la ndani mara 188, sawasawa na inavyokuza volti 1.25 zenyewe.

Dawa yake ni kapasita ya µF 10, ya volti 400 au zaidi, kutoka mguu wa kurekebishia kwenda sifuri. Katika masafa ya Hz 100 ukinzani wake ni omu 159 tu, kwa hiyo ukuzaji unashuka kutoka 188 hadi karibu 1.2, huku volteji tulivu ikibaki pale pale. Faida ya ziada ni kwamba tokeo linapanda taratibu kwa sekunde 2 hivi badala ya kuruka. Lakini sasa umeweka volti 236 kwenye mguu wa chipu, na tokeo likishikwa na sifuri kapasita hiyo itataka kujimwaga kupitia humo. Weka dayodi ya 1N4007, anodi kwenye mguu wa kurekebishia na kathodi kwenye tokeo, na nyingine kutoka tokeo kurudi dreni. Kwenye tokeo lenyewe mimi nina kapasita ya elektroliti ya µF 22. Nilijaribu ya filamu peke yake, nzuri na ya bei, na LM317 ikaanza kutetema. Ile ya elektroliti ina ukinzani kidogo ndani yake ambao unaituliza.

#6 Mchangiaji

Kwa heshima, nauliza: haya yote ni lazima? Priamplifaya inavuta mkondo ule ule muda wote. Mosfeti moja yenye kapasita kwenye geti haitoshi? Na zile valvu za gesi za zamani, 0A2 na wenzake, mnazionaje?

#7 Mwanzisha uzi

Swali la haki kabisa. Kama hatua zako zimeunganishwa kwa kapasita, Mosfeti peke yake inatosha, na nakubali bila kinyongo. Geti ukiilisha kupitia mega-omu 1 na kapasita ya µF 1, mawimbi ya Hz 100 yanapungua zaidi ya mara 600, na hakuna rejeo la kukuza kelele. Tofauti ni kwamba volteji itapanda na kushuka pamoja na umeme wa ukutani. Kwangu hilo halikubaliki kwa sababu gridi (mguu wa kuingizia sauti) ya ECC82 imeunganishwa moja kwa moja na anodi ya ECC83, kwa hiyo anodi ikihama, kathodi na mkondo wa ECC82 vinahama nayo. Mtu mwenye mzunguko wa kawaida aanze na Mosfeti tupu, asikilize, na huenda asihitaji kuendelea.

Valvu za gesi nazipenda. 0A2 inashikilia volti 150 na 0B2 volti 108, zikifuatana unapata 258, na mwanga wake unakuonyesha kwa macho kwamba zinafanya kazi. Zinataka mkondo kati ya mA 5 na 30, na zinahitaji volteji kubwa zaidi ili ziwake kuliko ile zinayoishikilia. Kosa la kawaida ni kuzipachikia kapasita kubwa kwa nia ya kupunguza kelele: ukiweka zaidi ya µF 0.1 sambamba nayo, valvu inaanza kuwaka na kuzima kwa mfululizo. Kapasita iwekwe baada ya rezista.

#8 Mchangiaji wa namba 4

Nimeweka µF 10 na dayodi. Ile mvua imekwisha kabisa, asante sana. Sasa kwa kuwa kuna ukimya, nasikia mvumo mdogo ambao awali ulifunikwa. Niongeze kapasita ya kwanza iwe µF 220?

#9 Mwanzisha uzi

Usiongeze, ndugu yangu, tafadhali. Kapasita ya kwanza haivuti mkondo kwa utulivu. Inajazwa kwa mipigo mifupi kwenye kila kilele, na kila mpigo ni mara kadhaa ya mkondo unaoutumia. Ukiikuza kapasita, mipigo inakuwa mifupi na mikali zaidi. Angalia njia ya kurudia. Waya wa kutoka kwenye daraja la dayodi uende moja kwa moja kwenye mguu hasi wa kapasita ya kwanza, na usiunganishwe na kitu kingine njiani. Kutoka hapo waya mmoja uende kapasita ya pili, kisha regyuleta, na sifuri ya valvu ichukuliwe mwishoni kabisa, kwenye kapasita ya tokeo. Sentimita chache za waya zinazotumiwa kwa pamoja na mipigo hiyo na gridi ya ECC83 zinatosha kuleta mvumo ambao regyuleta haiwezi kuugusa, kwa sababu haupiti kwake.

Kama hapo pako sawa, chunguza hita (nyuzi ndogo inayopasha moto kathodi ya valvu). Kathodi ya ECC82 kwenye mzunguko wangu iko kwenye volti 120, na hita yake ikiwa kwenye sifuri, tofauti hiyo inavujisha mvumo na inaichosha insulesheni ya ndani ya valvu. Nimegawa volti 238 kwa rezista za kilo-omu 220 na 75, nikapata volti 60, nikaweka kapasita ya µF 10 hapo, na kuunganisha laini ya hita ya volti 6.3 kwenye nukta hiyo badala ya sifuri. Sasa kathodi ya ECC82 iko volti 60 juu ya hita, na ile ya ECC83 iko volti 60 chini yake. Nyaya za hita zisokotwe kwa karibu na zipite kwenye kona ya kasha, mbali na gridi.

Na kwa wote wanaotaka kuujaribu mzunguko huu: msiunganishe valvu siku ya kwanza. Chukueni rezista ya kilo-omu 15 ya wati 10, iwe ndiyo mzigo. Itavuta karibu mA 16. Washeni kupitia balbu ya kawaida ya nyuzi iliyowekwa kwa mfululizo na waya wa umeme, ya wati 40 au 60, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Balbu ikimulika kwa mpigo mmoja na kufifia, endeleeni. Ikibaki inang'aa, zimeni, subirini, pimeni kapasita, kisha tafuteni dayodi iliyogeuzwa. Mimi niliuacha mzunguko kwenye rezista hiyo kwa saa tatu, nikipima tokeo kila nusu saa: ulianza na 237.6, ukaishia 238.1, na bamba la Mosfeti lilikuwa la uvuguvugu nilipoligusa baada ya kuzima na kupima.